Besi iko wapi? Jibu kwa mpiga besi wa Katuba anayetaka kuanza hevi metali

Swali: "Papa, mimi ni msichana, napiga gita la besi katika korali ya kanisa letu hapa Katuba, Lubumbashi. Kaka yangu aliniwekea nyimbo tatu za Metallica kwenye simu, mmoja unaitwa 'One', na tangu siku hiyo sijatulia. Lakini kuna jambo linanisumbua: besi siisikii kabisa. Ni masikio yangu au ndivyo metali ilivyo? Nataka kuendelea, ila kila ninayemwuliza ananitajia bendi hamsini, na mega za intaneti ni ghali. Nianzie wapi? Kuna Waafrika wanaopiga muziki huu? Kuna habari gani mpya? Mama anasema ni muziki wa Shetani, nimjibu nini? Na je, ninunue pedali ya kukwaruza sauti?"

Jibu: Binti yangu, masikio yako ni mazima. Umeuliza jambo ambalo wapiga besi wa dunia nzima wamelilalamikia tangu 1988, nawe umeligundua peke yako kwa simu.

"One" umo katika albamu ya Metallica iitwayo "...And Justice for All", iliyotoka Agosti 1988. Besi imo ndani yake, Jason Newsted aliipiga kila noti. Ila sauti zilipochanganywa, besi ilishushwa mpaka ikazama chini ya gita la James Hetfield na ngoma za Lars Ulrich. Newsted alikuwa bado mgeni. Aliingia baada ya Cliff Burton kufariki tarehe 27 Septemba 1986, basi la bendi lilipopinduka barabarani huko Sweden, na Burton hakuwa mtu rahisi kuzibiwa pengo. Mimi kazi yangu ni kuchanganya sauti, za okestra na za makanisa, na albamu hiyo huniuma kila nikiisikiliza. Nyimbo zake ni nzuri kupita kiasi, lakini kazi ya mtu mmoja haisikiki.

Sababu ya pili iko mkononi mwako. Uzi mzito wa besi yako, ule wa E, ukiupiga bila kubana unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa sauti ya chini namna hiyo. Inachokupa ni ile milio ya juu inayoandamana na noti, na sikio lako linakisia iliyobaki. Katika rumba kukisia ni rahisi, kwa sababu besi yetu inaruka, inaacha nafasi, inajibizana na ngoma. Metali haifanyi hivyo. Mara nyingi besi inafuata noti zilezile za gita, sehemu ya chini zaidi, ili gita lionekane kubwa. Ukiondoa sauti za chini, besi inajificha ndani ya gita. Kwa hiyo kabla ya kununua mega, tafuta hedifoni zinazofunika sikio lote, hata za mtumba. Au siku korali haina mazoezi, omba ruhusa uchomeke simu kwenye mikisa ya kanisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Metali ya spika ya simu itakudanganya miaka mingi kuwa ni kelele za gita tu.

Ukishazipata hedifoni, fungua "For Whom the Bell Tolls" kutoka "Ride the Lightning" ya 1984, bendi hiyohiyo. Baada ya kengele utasikia sauti kali ya juu ikipanda na kushuka. Watu wengi huapa kwamba hilo ni gita. Ni besi ya Cliff Burton iliyokwaruzwa. Kisha nenda "Orion" katika "Master of Puppets", ya Machi 1986. Hauna mwimbaji, na katikati ngoma na magita vinatulia ili besi ibaki ikiongea. Burton alipenda sana Bach, na pale utasikia. Metallica walipomtaka, alikataa kuhamia Los Angeles walikokuwa, na bendi nzima ndiyo iliyohama kumfuata upande wa San Francisco. Wavulana wa okestra wakikuambia besi ni kazi ya aliyeshindwa gita, wasimulie hilo.

Sasa tuje kwenye kuanza. Nitakutajia bendi chache na sababu ya kila moja, kwa sikio la mpiga besi. Mpiga gita angepata orodha nyingine.

Anza na Black Sabbath, albamu "Paranoid" ya 1970, yote, kwa mpangilio wake. Ina dakika 42 hivi. Ukiipakua kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 inakula kama mega 40, chini ya video chache za kuchekesha unazotumiwa kwa wiki. Pakua sauti peke yake, achana na video. Na usirukeruke. Kusikia albamu moja mara kumi kutakufundisha zaidi ya kusikia bendi kumi mara moja moja.

Black Sabbath walitoka Aston, mtaa wa Birmingham nchini Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Sisi wa Lubumbashi, tuliokulia chini ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Gécamines, hatuhitaji kuelezwa mji wa namna hiyo unafananaje. Tony Iommi, mpiga gita wao, alikuwa na miaka 17 akifanya kazi kwenye mashine ya kukatia bati. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, yaani hivyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Msimamizi wake alimletea rekodi ya Django Reinhardt, mpiga gita aliyeunguzwa mkono na moto lakini akaendelea kupiga kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavibandika ngozi juu. Akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye akalegeza nyuzi zote. Katika "Master of Reality" ya 1971, nyimbo kadhaa zimeshushwa toni moja na nusu. Uzi uliolegea haukuumiza kidole kilichojeruhiwa, na sauti ikawa nzito kuliko yoyote iliyokuwepo. Leo maelfu ya bendi zinashusha nyuzi zao bila kujua kwamba zinafuata maumivu ya kijana mmoja wa kiwandani.

Lakini wewe sikiliza chini yake. Geezer Butler alikuwa mpiga gita kabla ya kushika besi, na anapiga besi kama mtu asiyekubali kukaa nyuma. Iommi akivuta uzi, naye anauvuta. Katika albamu yao ya kwanza, iliyotoka Februari 1970, tafuta "N.I.B.", unaoanza na besi peke yake. Jifunze huo kabla ya mwingine wowote. Mwendo wake unatembea na kuzunguka, na mtu aliyezoea besi ya kwaya atashangaa vidole vyake vinaukubali haraka.

Hatua ya pili ni Iron Maiden. Bendi hii ilianzishwa na mpiga besi, Steve Harris, London mwaka 1975, na mpaka leo ni yeye mwenye neno la mwisho. Hatumii kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, anapiga kwa vidole, na vidole vyake vimezaa ule mwendo ambao mashabiki wanauita mwendo wa farasi: noti moja ndefu na mbili fupi, ndefu na mbili fupi, dakika nzima bila kupumzika. "The Trooper" katika "Piece of Mind" ya 1983 ndiyo shule yake. Unahusu askari wa farasi wa Uingereza waliopelekwa mbele ya mizinga ya Warusi katika vita vya Crimea mwaka 1854, kwa hiyo mwendo huo haukuwekwa kwa urembo. Halafu sikiliza magita yao mawili. Dave Murray na Adrian Smith wanapiga sauti moja kwa umbali wa noti tatu, mmoja juu, mwingine chini, wakienda pamoja. Umeshasikia hilo maisha yako yote: ndiyo magita ya solo na mi-solo yanapoingia kwenye sebene. Ndiyo maana nakuambia sikio la Mkongo halianzi metali kutoka sifuri. Baada ya hapo chukua "Powerslave" ya 1984. Albamu yao ya 1982 ni nzuri vilevile, ila jina lake linataja namba ya mnyama wa Ufunuo, na kwa kuwa unaishi na mama, iache kwanza.

Motörhead ni wa kupitia kwa haraka. Lemmy, mwimbaji na mpiga besi wao, aliyefariki Desemba 2015, alipiga besi kwa kubana nyuzi kadhaa pamoja kama gita, kupitia ampli iliyofunguliwa mpaka mwisho. "Ace of Spades" ya 1980 inatosha kukuonyesha. Slayer nao, "Reign in Blood" ya 1986, ina dakika kama 29 tu, lakini ni kali mno kwa anayeanza, na maneno yake yana damu nyingi. Isubirishe.

Kuna kina dada wawili nataka uwafahamu. Jo Bench aliingia Bolt Thrower ya Coventry, Uingereza, mwaka 1987, wakati bendi za metali nzito kiasi hicho hazikuwa na wanawake, na besi yake ikawa msingi wa bendi hiyo kwa karibu miaka thelathini. Widi ni wa Voice of Baceprot, wasichana watatu kutoka Garut, Java Magharibi, Indonesia. Wanavaa hijabu, walianza wakiwa wanafunzi mwaka 2014, wakaambiwa na majirani na viongozi wa dini kila unachoambiwa wewe na zaidi. Juni 2024 walipanda jukwaani kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza, bendi ya kwanza ya Indonesia kufika hapo. Albamu yao "Retas" ni ya 2023. Widi anaipiga besi kwa kuichapa kwa dole gumba, na kati ya wote niliowataja, nadhani yeye ndiye utakayemfuata kwa moyo.

Umeuliza Waafrika. Hapa nitakaa, kwa sababu jibu lake liko karibu na Katuba kuliko unavyodhani.

Shika barabara ya Kasumbalesa. Ni kilomita zisizofika 100. Vuka mpaka, pita Chililabombwe, pita Chingola, utafika Kitwe. Katika miaka ya 1970 miji hiyo ya shaba ilikuwa na magita mazito ambayo leo watu wa Ulaya na Marekani wanayanunua kwa bei kubwa. Wanayaita Zamrock. Vijana wa migodini walikuwa na fedha kidogo, walisikia Jimi Hendrix, Deep Purple na Black Sabbath, na Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Basi wakaupiga wa kwao. WITCH walikuwa wakubwa kuliko wote, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda, aliyekulia Kitwe, aliitwa Jagari, jina la Mick Jagger lililovikwa shati la nyumbani. Chukua "Lazy Bones!!" ya 1975. Halafu, kwa uzito wa kweli, chukua Ngozi Family, bendi ya Paul Ngozi: "Day of Judgement" ya 1976 na "45,000 Volts" ya 1977. Gita lina mkwaruzo mkavu, mkali, kama msumeno ulioingia kwenye mti mbichi, na ngoma na besi zinapiga bila adabu yoyote. Kuna na Amanaz, "Africa" ya 1975, ya taratibu zaidi, yenye huzuni. Baadhi ya nyimbo za Zamrock ni za Kibemba, na hapa Lubumbashi nyumba nyingi kuna mtu wa kukutafsiria.

Kwa nini wewe na mimi hatukukua tukizisikia redioni? Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na Zambia yote ikaanguka nayo. Vilabu vilikosa wateja, disko ikaingia, kisha ukimwi ukapita katika bendi hizo bila huruma. Katika WITCH ya mwanzo ni Jagari peke yake aliyebaki hai, akawa mchimbaji wa mawe ya thamani. Rekodi zilichapishwa upya ng'ambo miaka ya 2000 na baada ya hapo, dunia ikamtafuta, naye akarudi jukwaani na vijana. WITCH wametoa "Zango" mwaka 2023 na "Sogolo" mwaka 2025. Mtu wa Kitwe anazunguka dunia akipiga rock ya Copperbelt, na upande wetu wa mpaka wengi hawajui. Hilo linanisikitisha, na ndiyo sababu kila kijana anayeniuliza kuhusu metali namrudisha kwanza njia ya Kasumbalesa.

Na usidhani mkwaruzo wa sauti ni kitu cha kigeni kwa Wakongo. Kundi la Konono No. 1 wa Kinshasa, chini ya Mawangu Mingiedi, walichomeka likembe, ile ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa dole gumba, kwenye vipaza sauti walivyojitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari, wakapata sauti iliyopasuka, nzito, ya kulewesha. Albamu yao "Congotronics" ilitoka 2004. Sikiliza likembe ya besi mle ndani halafu urudi kwa Black Sabbath, uniambie kama ni dunia mbili.

Kwa metali yenyewe, Botswana ina jina kubwa kusini mwetu. Mashabiki wake wanavaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe. Overthrust wametoka Ghanzi, kwenye Kalahari, na mwimbaji wao ndiye mpiga besi, kwa hiyo waangalie. Mwaka 2016 walipiga Wacken, Ujerumani, tamasha linaloheshimiwa kuliko yote katika metali. Skinflint wa Gaborone wanaimba hadithi za kale za Afrika. Angola nako, mjini Huambo, vijana waliookoka vita walipiga metali penye magofu, na filamu ya mwaka 2012 iliwaonyesha. Lomé, Togo, kuna Arka'n Asrafokor wanaoimba kwa Kiewe na kuweka ngoma za kwao ndani ya metali bila kulazimisha. "Dzikkuh" ya 2024 ndiyo niliyoipenda zaidi mwaka ule. Antananarivo kuna LohArano, watu watatu, mwimbaji ni mwanamke mwenye gita, na ndani yake unasikia midundo ya Madagaska. Nairobi walikuwepo Duma, albamu yao ya 2020 ilitolewa na kampuni ya rekodi ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hiyo ni kelele ya mwisho kabisa na siipendekezi kwa anayeanza, lakini mwimbaji wao, Lord Spikeheart, ametoa "The Adept" mwaka 2024, na ukishakomaa utamrudia.

Nje ya Afrika, kuna albamu moja ambayo kila Mkongo anayependa ngoma anapaswa kuisikia: "Roots" ya Sepultura wa Belo Horizonte, Brazili, ya 1996. Walikwenda kurekodi na Waxavante, wenyeji wa Mato Grosso, wakamwita pia Carlinhos Brown wa Bahia na ngoma zake. Bahia, kama unavyojua, ni moja ya mahali walikoshushwa babu zetu waliovukishwa bahari kwa minyororo. Ngoma zile hazikupotea njiani.

Mama yako sasa. Usimjibu kwa haraka, na usimwambie kwamba hana habari. Ana habari za kweli, ila si zote. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana kadhaa wa blaki metali nchini Norway walichoma makanisa ya zamani ya mbao, na mmoja wao akahukumiwa mwaka 1994 kwa uchomaji huo na kwa kuua mtu. Ni kweli kuna bendi zinazoweka Shetani kwenye jalada ili ziuze, na nyingine zinazoimba maiti na utumbo. Mimi mwenyewe hizo siziwezi, na sikukutajia hata moja. Ukimficha mama hayo, siku atakayoyasikia kwa mwingine hatakuamini tena kwa lolote.

Halafu mweleze upande wa pili. Geezer Butler, aliyeandika maneno mengi ya Black Sabbath, alilelewa Mkatoliki katika familia ya Kiayalandi. Wimbo wao uliobeba jina la bendi unamhusu mtu anayeona kivuli cheusi mbele yake, anaogopa, na anamwita Mungu amsaidie. Baba yake Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, ndiye aliyewatengenezea ile misalaba waliyovaa. Mwaka 1971 wakatoa "After Forever", ambao unamwuliza msikilizaji waziwazi kama amewahi kuifikiria roho yake, au anamcheka Mungu kwa kuogopa wenzake. Na "War Pigs", unaofungua "Paranoid", ni wa majenerali wanaokaa salama huku wakituma watoto wa maskini kufa, mpaka siku ya hukumu inapowakuta wamepiga magoti wakiomba rehema ambayo hawakumpa mtu. Uliandikwa wakati wa vita vya Vietnam. Mtu mwenye ndugu Goma au Bukavu anauelewa bila kamusi. Mwambie mama akusikilize ukimtafsiria huo.

Kama bado ana shaka, wapo Stryper wa California, Wakristo waziwazi tangu miaka ya 1980, waliokuwa wakirushia watu Agano Jipya kutoka jukwaani. Si bendi ninayoipenda kuliko zote, sauti yao ni tamu mno kwangu, ila wanaimba vizuri na wanamsifu Mungu. Na kwa vyovyote, saa ya maombi ya mama vaa hedifoni au zima. Nyumba ni yake.

Habari mpya nitazipitia upesi, kwa sababu nyingi ni za kuagana. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath wote wanne wa mwanzo walipiga pamoja kwa mara ya mwisho uwanja wa Villa Park, hapohapo Aston, mapato yakiwa ya hisani, pamoja na hospitali ya watoto ya Birmingham. Metallica, Slayer, Pantera na Gojira walikuja kuwapigia wazee wao. Ozzy, ambaye ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemmaliza nguvu, aliimba ameketi kwenye kiti cha enzi. Alifariki siku 17 baadaye, tarehe 22 Julai. Nicko McBrain, mpiga ngoma wa Iron Maiden, aliacha safari za muziki mwishoni mwa 2024, ila bendi inaendelea. Sepultura walitangaza ziara ya kuaga Desemba 2023. Megadeth nao walitangaza mwaka 2025 kwamba albamu yao inayofuata ndiyo ya mwisho.

Ila kizazi kipya kiko kazini. Gojira, Wafaransa wa kusini-magharibi, walipiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris, Julai 2024, wakiwa wamening'inia kwenye madirisha ya jengo alilofungwa Malkia Marie Antoinette, wakapata na tuzo ya Grammy kwa wimbo waliopiga hapo, Februari 2025. Alien Weaponry wa New Zealand wanaimba kwa Kimaori, "Te Rā" ni ya 2025. Nikisikia hao, na nikisikia Kiewe cha Lomé, nasubiri siku mtu wa Lubumbashi atakapoimba metali kwa Kiswahili chetu cha hapa, Kiswahili cha mgodini na cha sokoni. Lugha yetu ina silabi za wazi zinazokubali kupigiwa kelele kwa nguvu. Sioni kwa nini asiwe mtu wa Katuba.

Mwisho, pedali. Usiinunue sasa. Mkwaruzo kwenye besi unakula sauti za chini, zilezile ulizozilalamikia. Pedali nzuri za besi huacha sauti safi ipite pembeni na kuchanganyika na iliyokwaruzwa, nazo ni ghali. Zile za bei nafuu zimetengenezwa kwa gita, zitakufanya usikike mwembamba. Na ampli ya kanisa usiijaribie mkwaruzo bila idhini ya anayeitunza, spika ikipasuka utaambiwa ni Shetani kweli.

Fedha hizo nunua nyuzi mpya. Nyuzi zilizozeeka haziwezi metali, zimekufa ule mlio wa chuma ambao Harris na Burton wanautegemea. Ukitaka kushusha sauti, shusha nusu toni au toni moja, usizidi hapo kwa nyuzi za kawaida, zitapigapiga kwenye shingo ya gita. Ukitaka kwenda chini zaidi tafuta seti nene, yenye namba za unene 50 hadi 110. Kisha weka metronomu ya simu kwenye mapigo 80 kwa dakika, piga mwendo wa farasi kwa vidole viwili kwenye uzi wa E, dakika mbili, upumzike, urudie. Mkono ukikaza, simama mara moja, mishipa ya kifundo cha mkono ikiumia hutapiga hata Jumapili. Usipandishe kasi mpaka noti zote tatu zilingane kwa nguvu, hasa ile ya mwisho, ambayo vidole vya wanaoanza huimeza. "The Trooper" iko karibu na 160. Ukifika 120 ukiwa safi, niandikie tena, nitakuonyesha namna ya kuingia "Orion" pale katikati.